Usiku wa Zilipendwa: tuvae nini, tutoe ngapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Forest Mpya, Mbeya, nina watoto wawili. Kazini tumeletewa kadi za chakula cha jioni kwenye mgahawa mmoja hapa mjini, mwezi wa saba, kuchangia wodi ya watoto njiti ya hospitali ya wilaya. Singo ni 50,000, dabo ni 90,000. Kadi imeandikwa "Usiku wa Zilipendwa, vazi la miaka ya 60 hadi 80". Sijawahi kwenda kwenye kitu kama hiki. Nguo hizo sina, na nilipoulizia gauni la kukodi nikatajiwa bei inayokaribia kadi yenyewe. Mume wangu anasema haya ni mambo ya wazungu, kama ni kuchangia tutume hela kwa simu tulale. Baba mkwe, mstaafu wa reli ya TAZARA, yeye amecheka tu. Twende? Na tukienda tuvae nini, tutoe ngapi tusiaibike?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nendeni, tena wote wawili, na hilo gauni la kukodi liacheni hukohuko lilikotundikwa. Nimeshona na kukodisha nguo za shughuli hapa Iringa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nikikwambia usikodi najua najinyima nini mimi na wenzangu wa kazi. Lakini hela mliyonayo kwa ajili ya usiku ule ni ileile moja. Ikiingia kwenye gauni, haiingii wodini. Kipimo changu, ambacho nawaambia hata wateja wangu, ni hiki: vazi lote la usiku wa hisani, kuanzia kichwani mpaka kiatuni, lisizidi nusu ya kile utakachotoa juu ya kadi. Likizidi hapo, umejichangia mwenyewe.

Mume wako ana hoja mbili, na moja ni nzito kuliko anavyodhani. Tuanze na ile nyepesi. Kwamba watu kuvaa mavazi maalumu na kukusanyika ni mambo ya wazungu, hapana. Ngoma ya beni ilipotoka pwani na kusambaa Tanganyika mwanzoni mwa karne iliyopita, wachezaji walivaa kama maofisa wa jeshi na kupeana vyeo. Kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa wanaume wamecheza mganda na kaptula nyeupe na soksi ndefu zilizovutwa mpaka magotini. Na sendofu gani ya Mbeya umeiona isiyokuwa na kitenge cha kamati? Ama kuchangia kwa kushindania vitu, aliyekulia kwenye makanisa yetu huku nyanda za juu kusini ameshamwona jogoo mmoja akiuzwa mara nne Jumapili moja, maana kila anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena. Hafla mliyoalikwa ni mnada uleule wa mavuno, safari hii umehamia mgahawani.

Hoja nzito ni ya kutuma hela kwa simu. Chakula, ukumbi na muziki vyote vinalipwa kutoka kwenye kadi. Tuseme, kwa mfano tu, sahani moja inagharimu 22,000 na mengineyo yanafika 5,000 kwa kila mtu. Kwenye dabo ya 90,000 hapo zimeshaondoka 54,000, wodi imebaki na 36,000. Mumeo akituma 90,000 zote moja kwa moja, wodi inapata mara mbili na nusu ya hiyo. Hesabu yake iko sawa, na nakuomba umwambie hivyo kabla hujamwambia neno lingine. Halafu muulize taratibu kama kweli angezituma. Nimesikia watu wengi wakisema watatuma. Jumatatu inafika na ada, Jumanne gesi imeisha, na wodi inabaki inasubiri.

Kinacholeta hela kwenye hafla hizi huja baada ya sahani kuondolewa, pale muuguzi anaposimama kueleza wanachokosa, mnada unapofunguliwa, na mtu aliyekuja na nia ya kutoa elfu ishirini anaposikia mwenzake wa meza ya pili akitoa elfu hamsini. Na vazi lina kazi yake hapo. Mkuu wa idara aliyevaa suruali ya bugaluu hana tena ule ukali wa ofisini. Mnacheka naye, mnacheza naye, na ukimtajia jogoo kwa laki moja hakasiriki. Nimeliona mara nyingi nikiwa nimesimama pembeni na sindano na uzi, nikisubiri nani atachanika mshono.

Ila kabla hujalipa, waulize kamati. Niliwahi kuvalisha meza nzima kwenye hafla ya madawati. Watu waling'ara, ahadi zikasomwa kwa kipaza sauti, makofi yakapigwa, na mpaka leo hatujasomewa hesabu. Iliniuma, maana baadhi ya waliotoa ni watu niliowaalika mimi. Tangu siku hiyo nauliza bila haya: sahani ni shilingi ngapi, hela inaingia kwenye namba yenye jina la nani, na mapato yatatangazwa lini na wapi. Namba ya malipo ikiwa na jina la mtu binafsi badala ya taasisi, ngoja kwanza upate maelezo. Ulizia pia kama hospitali yenyewe ndiyo iliyoandika orodha ya vifaa. Wodi nyingine zimeletewa mashine nzuri kwa moyo mweupe, hazina fundi wala vipuri, zimegeuka meza ya kuwekea mafaili. Kamati yenye nia njema haichukii maswali haya, tena itafurahi kuona mgeni anajali.

Sasa nguo, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1974 kaka yangu alirudi likizo kutoka Dar es Salaam amevaa bugaluu ya tetroni, rangi ya maziwa. Alishuka stendi akatembea kwa miguu mpaka Kihesa. Alipofika mlangoni, pindo lilikuwa limezoa vumbi jekundu kiasi cha kiganja kizima kwenda juu, na mama akamsimamisha palepale kibarazani, akachukua ufagio wa ndani, akampangusa kama anayepangusa mkeka. Mimi nilikuwa mtoto, nimechuchumaa, macho yangu yako sawa na magoti yake. Ndiyo maana mpaka leo najua bugaluu inaanzia wapi. Juu inabana paja, inafika gotini bado imebana, halafu inafunguka. Siri yote iko kwenye goti. Suruali pana kuanzia juu hadi chini si bugaluu, ni suruali kubwa tu.

Kwa hiyo usinunue mpya. Nenda Mwanjelwa kwenye mitumba, chagua suruali ya jinsi au ya kitambaa inayobana mapaja na yenye urefu wa kutosha. Mpelekee fundi wa mtaani, mwambie afumue mshono wa nje kuanzia gotini kwenda chini, kisha aingize pembetatu ya kitenge, ncha yake ikae gotini na upana wa chini uwe inchi nane mpaka kumi kwa kila mguu. Kitenge kiwe na rangi ya kugombana na suruali, enzi zile hakuna aliyeogopa rangi. Pindo lifunike kisigino na kuacha kama upana wa kidole kufika sakafuni, ukiwa umeshavaa kiatu utakachovaa siku hiyo. Wengi wanapima peku, wakivaa raizoni, vile viatu vya soli nene, suruali inaning'inia juu ya kifundo. Kipande cha kitenge kinachohitajika ni kidogo, na nina hakika kimelala kabatini kwako sasa hivi.

Kama hupendi suruali, muulize mama yako mzazi. Wanawake wa umri wake wana gauni moja ambalo hawakuligawa, lililobebwa kila walipohama nyumba. Likikubana, lifumuliwe pembeni liongezwe kipande, lisikatwe. Au funga doti ya khanga, moja kiunoni na moja mabegani, na blauzi ya shingo ya mraba. Huo nao ni mwaka 1970 kamili, na hautakugharimu kitu. Jina la khanga lionekane, maana watu watalisoma, kwa hiyo chagua maneno ya heri na uache ya mafumbo kwa siku nyingine. Nywele, suka za uzi mweusi zile zinazosimama, au zichane ziwe afro kama ni zako mwenyewe na hazina dawa. Wigi si lazima.

Na kimini? Kwenye hafla kama hizi kila mara yupo anayeniuliza. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vikapigwa marufuku. Kina dada walisumbuliwa barabarani kwa sababu ya urefu wa sketi. Kwa hiyo kimini ni vazi la kweli la enzi hizo, lina historia yake, na sitakukataza. Lakini wewe ni mwalimu, wazazi wa wanafunzi wako watakuwepo, na usiku ule utakaa, utainama, utacheza. Shona kinachovuka goti kidogo uwe huru.

Kwa mumeo mimi naona jambo moja tu: suti ya kaunda. Koti la mikono mifupi lenye mifuko mbele, suruali ya kitambaa hichohicho, hakuna tai. Ilichukua jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, na nyumba yenu haihitaji kwenda mbali kuitafuta. Mstaafu wa TAZARA! Reli ile ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, na Mbeya nzima ikabadilika ilipopita. Mzee wa kazi ile wa umri ule, ukifungua sanduku lake, sitashangaa kaunda ikiwemo, imekunjwa, inanuka dawa ya nondo. Kicheko chake usikichukulie vibaya. Huenda anacheka kwa sababu mnachokiita zilipendwa kwake ni ujana. Mumeo aende mwenyewe kuiomba, asikutume wewe. Aende jioni, akae, amuulize mzee aliivaa wapi mara ya mwisho. Naamini akitoka pale hatasema tena habari ya wazungu.

Suti ikipatikana, itundikwe nje kivulini siku mbili, harufu itoke. Usiifue. Ipigwe pasi juu ya kitambaa kibichi, maana tetroni ya zamani inashika alama ya pasi na kung'aa, na mng'ao ule hautoki. Ikiwa kubwa, fundi aishike kwa mishono mirefu ya mkono inayofumuliwa asubuhi yake. Hakuna mkasi kugusa kitu cha mzee.

Kama meza yenu itakuwa ya walimu watupu, pendekezeni mchague bendi moja na mvae kama mashabiki wake. Msondo wa NUTA Jazz, likembe ya Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, sokomoko ya Safari Trippers, kila bendi ilikuwa na mtindo wake na watu wake. Mimi ningechagua Tancut Almasi, kwa upendeleo ulio wazi, maana ilikuwa bendi ya kiwanda chetu cha kukata almasi hapa Iringa miaka ya 80 na niliicheza nikiwa msichana.

Kuna vitu vya kuacha, na hapa sibembelezi. Kombati au chochote kinachofanana na sare ya jeshi, hata kofia peke yake, usivae. Sheria inakataza raia, na Agosti 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku saba kwa waliokuwa na mavazi hayo wayasalimishe. Usiku wa zilipendwa si kinga. Atakayetaka kuja kama chifu asilete ngozi ya chui wala jino la mnyama, hizo ni nyara za serikali na kukutwa nazo bila kibali ni kosa. Na atakayetaka kuja kama mganga na vibuyu vyake ili watu wacheke, mwambieni abadilishe. Watu wenye ualbino wamewindwa katika nchi hii kwa imani za kishirikina, na mwaka 2019 Njombe ilizika watoto waliouawa. Mtu mwenye jeraha hilo anaweza kuwa amekaa meza ya pili, na hafla yenyewe ni ya watoto.

Baridi. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai ndiyo Julai. Mgahawa utakuwa na mlango unaofunguliwa kila dakika, na mtakaa kwa muda wa saa nne. Vaa fulana nyembamba ndani ya blauzi, soksi ndefu chini ya bugaluu hakuna atakayeziona, na ubebe shuka zito au koti la mume. Raizoni ziweke kwenye mfuko, uvae ukishashuka kwenye bajaji. Nimewahi kuona mtu akishuka mteremko wa Forest na soli ya inchi tatu, sitaki iwe wewe.

Baridi hiyohiyo ndiyo iliyowaleteni hapo. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, joto linamtoka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Sisi tunaongeza sweta, yeye anapoteza nguvu alizotakiwa kukulia. Njia inayowasaidia sana ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto wengi kuliko mashine. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi, kofia na soksi, analazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wanafungwa pamoja kwa kitambaa. Wanaiita kangaroo. Huku kwetu kitambaa hicho ni khanga. Nilimwona mwanamke mmoja Iringa amefungwa hivyo, amekaa kitandani ameegemea ukuta, na kilichoonekana cha mtoto ni kofia ya uzi isiyozidi ngumi. Kila baada ya muda mfupi aliinamisha kidevu kuisikia ile kofia inapumua. Baba naye anaweza kumbeba hivyo mama anapooga au kulala.

Ndiyo maana ukichagua kufunga khanga usiku ule nitafurahi zaidi ya bugaluu. Na muulize muuguzi atakayekuwepo kama wodi inapokea khanga. Akikubali, wapendekezee kamati kwamba kila mwenye doti alete nyingine safi, iliyofuliwa na kupigwa pasi, iwekwe kwenye kapu mlangoni. Khanga mpya nayo ifuliwe kwanza, ile ngozi ni laini mno kwa wanga wa dukani.

Kiasi cha kutoa mkiamue nyumbani, mezani kwenu, kabla hamjavaa. Mwandike kwenye karatasi. Tuseme mmeamua 40,000 juu ya kadi, basi fundi, msusi na nauli visivuke 20,000, na kwa mpango niliokupa havitavuka. Kama dabo inagusa ada ya mtoto, chukueni singo mmoja aende, hakuna aibu hapo. Kwenye mnada nyanyua mkono mwanzoni, bei ikiwa chini. Hela yako inafanya kazi ya kupandisha hata kama hutashinda, na mkipita kiwango chenu mkae kimya mpige makofi. Mkishinda mkungu wa ndizi za Tukuyu, rudisheni uuzwe tena, ukumbi mzima utawapenda. Kwenye ahadi usitaje kinachotegemea hela ambayo bado haijaingia. Ahadi isiyolipwa ni mbaya kuliko kutoahidi, kwa sababu hospitali inaagiza kifaa kwa kuihesabu. Bwana akiinuka kumtunza mwimbaji, noti ile aitie kwenye kapu la wodi mbele ya mwimbaji huyohuyo. Mwimbaji mwenye busara ataimba vilevile.

Picha pigeni za kwenu, mlivyopendeza. Wakileta picha za watoto wa wodini zenye sura na majina, wewe kama mwalimu una haki ya kumnong'oneza mwenyekiti kwamba mama wa yule mtoto huenda hakuulizwa.

Asubuhi yake mumeo afumue mwenyewe ile mishono mirefu, aitundike suti ipate hewa, aikunje kwa mikunjo aliyoikuta nayo. Airudishe kabla wiki haijaisha, na amtajie mzee kiasi kilichopatikana, maana naye atakuwa amechangia.